Kuhamisha seva tatu kwenda klaudi nyengine: nibebe diski nzima nzima au nijenge upya?

BintiVikokotoni

Asalaam alaykum jamaa, na wengine habari zenu. Naomba mawazo kwa aliyewahi kuhamisha seva kutoka klaudi moja kwenda nyengine, maana kwangu mie hii ndio mara ya mwanzo na sitaki kukisia.

Ofisi yetu ipo Unguja mjini, tunaangalia mfumo wa buking wa gesti na hoteli ndogo ndogo za Jambiani, Paje na Nungwi, pamoja na ofisi kadhaa za kutembeza wageni. Tuna seva tatu kwa kampuni moja ya nje, jina naliacha, bei wamepandisha tena na ukiwaandikia tatizo wanajibu kesho yake wakati mgeni keshafika resepsheni na begi lake na jina lake halionekani. Bosi kasema tuhame na kazi nimepewa mie.

Seva ya kwanza ni ya tovuti, Ubuntu 18.04, Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti) na PHP 7.2, na humo humo mna picha za vyumba na skani za pasipoti za wageni, jumla GB 180 hivi. Ya pili ni databesi, MySQL 5.7, haizidi GB 20. Ya tatu ndio inayonitia tumbo joto, ni CentOS 7, ina barua pepe za ofisi na mfumo wa hesabu ulioandikwa zamani na kijana ambae keshaondoka nchini, hakuna anaejua ulifungwa vipi wala maelezo yake yako wapi.

Nilivyopanga ni hivi: nachukua snapshoti (nakala ya diski nzima ilivyo wakati huo) ya kila seva, naishusha kwenye diski ya nje hapa ofisini, naipandisha kwa kampuni mpya, nawasha, nabadilisha DNS (inayoelekeza jina la tovuti kwenye IP ya seva), basi. Bosi anataka iwe usiku mmoja, saa sita ya usiku wateja wamelala. Inawezekana? Na seva mpya niiweke Ulaya kama ilivyo sasa au Afrika Kusini ambako ni karibu zaidi? Sauti za Busara imeshapita, wageni wameanza kupungua, tunataka tumalize ndani ya masika haya kabla Juni haijafika.

Nitashukuru kwa yeyote atakaejibu, hata kwa kidogo.

Fundi_Mlandege

Waalaykum salaam ukhti. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugusa kitu.

Tuanze na snapshoti. Kampuni nyingi snapshoti yao ni ya ndani kwao tu, unaweza kuitumia kufungua seva nyengine kwao hao hao lakini kitufe cha kuishusha hakuna, kwa hiyo kabla hujapanga chochote nenda kwenye paneli yako uangalie kama inatoka. Na hata ikitoka, kampuni mpya nayo lazima iwe inapokea imeji (faili la diski nzima) ya mteja, wapo wanaopokea za aina ya qcow2 au raw au vmdk, na wapo wasiopokea kabisa.

Lakini mie nna hoja kubwa zaidi ya hiyo. Hizi seva mbili za mwanzo usizibebe. Anaehama nyumba hachukui kuta. Ubuntu 18.04 msaada wake wa kawaida uliisha Mei 2023, MySQL 5.7 iliisha Oktoba 2023, sasa ukibeba diski nzima unahamisha na uzee wake wote, utafika kwa kampuni mpya una bei nzuri na matundu yale yale, na kazi ya kuja kupandisha vesheni itakusubiri palepale msimu ukiwa umechanganya. Fungua seva mpya kabisa, Ubuntu 22.04 au 24.04, funga Nginx na PHP upya, halafu beba data. Data ndio mali, seva ni kitu cha kutupa na kutengeneza tena, na ukishaitengeneza upya kwa mkono wako basi andika kila amri kwenye faili maana siku ya kuhama tena utaihitaji.

Hapo utakutana na mambo mawili ya kukutesa, nakwambia mapema. PHP 7.2 kwenda 8.1 ya Ubuntu 22.04 si hatua ndogo, kuna fanksheni zimeondolewa, each() na create_function() hazipo tena, na ulinganishaji umebadilika: zamani 0 == "abc" ilikuwa kweli, PHP 8 inasema si kweli, kwa hiyo msimbo wa zamani unaopima kama namba ya chumba ni sifuri unaweza ukaanza kujibu vyengine bila ya kutoa kosa lolote, na hilo ndilo baya, kwa sababu ukurasa unafunguka vizuri tu. Pili ni MySQL 8.0, yuza mpya inatengenezwa na njia ya paswadi inayoitwa caching_sha2_password ambayo PHP za zamani haziielewi vizuri, ukiona inakataa kuingia usianze kubadilisha paswadi mara mia, angalia hilo kwanza.

Kubeba databesi tumia mysqldump na --single-transaction ili meza za InnoDB (aina ya kawaida ya meza za MySQL) zitoke zote za wakati mmoja bila ya kufunga watu wanaobuki, na uongeze --routines na --events kwa sababu hizo hazitoki zenyewe, watu wengi wanahama halafu baada ya wiki wanagundua ripoti ya usiku haitoki tena. Yuza za databesi zitengeneze upya kule, usibebe databesi ya ndani iitwayo mysql kutoka 5.7 kuipachika kwenye 8.0.

Kwa mafaili tumia rsync (amri ya kunakili mafaili seva kwa seva), na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndio inayookoa muda. Unairusha mara ya kwanza seva ikiwa inafanya kazi kama kawaida, watu wanabuki, wewe huku unanakili hizo GB 180 taratibu. Inachukua muda wake, haidhuru. Kesho yake unairusha tena, safari hii inabeba kilichobadilika tu, dakika chache. Siku ya kuhama yenyewe unasimamisha tovuti, unairusha mara ya mwisho, na kwa vile kilichobaki ni kidogo basi unafungua baada ya muda mfupi sana. Weka -aHAX, lakini --numeric-ids usiiweke hapa. Ni kwa sababu www-data (yuza wa tovuti) kwenye seva moja inaweza ikawa na namba tofauti na nyengine, na bila ya hiyo rsync inalinganisha kwa jina na si kwa namba. Na chunga mkwaju (/) wa mwisho kwenye jina la folda: ukiandika /var/www/picha/ inabeba vilivyomo ndani, ukiandika /var/www/picha bila ya mkwaju inabeba folda yenyewe, unaishia na picha/picha na tovuti haioni kitu. Ukitumia --delete basi kwanza rusha na -n uone itafuta nini, usiende kichwa kichwa.

Kuhusu saa sita ya usiku mwambie bosi wateja wenu hawalali saa sita ya Unguja. Mgeni wa Italia au Poland saa hizo kwake ni saa nne au saa tano usiku, katulia kwenye kochi ndio anatafuta chumba. Fungua logi za Nginx uhesabu maombi ya kila saa kwa wiki nzima, mie nadhani utakuta pengo lenu liko saa kumi na moja alfajiri, hapo Ulaya wamelala na huku watu wako msikitini. Lakini usinisikilize mie, sikiliza logi zako.

ChakeChake_IT

Nakubaliana na Fundi kwa seva mbili za mwanzo, ila ile ya tatu hapana, na hajaigusa kwenye jibu lake. Mfumo wa hesabu ambao hakuna anaejua umefungwaje huwezi kuujenga upya, utakaa wiki unatafuta laibrari ambayo imeshafutwa duniani. Hiyo ibebe diski kama ilivyo.

Lakini kabla ya hapo dada, ondoa kabisa hilo wazo la kuishusha ofisini. Piga hesabu: GB 180 kwa laini inayotoa megabiti 10 kwa sekunde ni kama masaa 40, na hiyo kama haikukatika hata mara moja, halafu kupandisha kwenda kule ndio huwa polepole zaidi kuliko kushusha. Sie huku Pemba tunayajua haya vizuri. Seva kwa seva zina laini ya gigabiti, kazi ya siku mbili inakuwa ya saa moja au mbili. Laptopu yako iwe ya kutoa amri tu, na amri yenyewe iendeshe ndani ya tmux au screen kule kule kwenye seva, ili umeme ukikatika au bando likiisha kazi inaendelea bila yako, ukirudi unaikuta ilipofika.

Sasa kubeba hiyo CentOS. Usinakili diski ikiwa mfumo unatembea, mafaili yanabadilika chini ya mkono wako na kule itafika imevunjika. Izime, iwashe kwa reskyu modi (mfumo wa muda wa uokozi usiotumia diski yako), hapo diski imelala. Kule kwa kampuni mpya fungua seva yenye diski isiyopungua ukubwa wa ile, nayo iweke reskyu modi, halafu dd (amri ya kunakili diski nzima) kutoka huku, pitisha gzip, pitisha ssh, iandike moja kwa moja kwenye diski ya kule. Hakuna faili la katikati hakuna kushusha kitu.

Ikimaliza usiiwashe bado. Watu wengi wanakwama hapa hapa, skrini nyeusi na maneno ya dracut, wanadhani diski imeharibika kumbe nzima. Sababu ni kwamba mashine ya zamani huenda ilikuwa ya Xen na diski inaitwa xvda, mpya ni ya KVM na diski inaitwa vda, na initramfs (faili dogo linaloamsha mfumo) ya zamani haina draiva za virtio za kuiona hiyo diski. Kwa hiyo ukiwa bado reskyu, maunti diski, bind /dev na /proc na /sys, ingia kwa chroot, halafu dracut -f na --add-drivers "virtio_blk virtio_scsi virtio_net" kwa ile keneli iliyomo humo ndani, itaje kwa jina lake kamili, maana usipoitaja dracut inachukua keneli ya reskyu. Fungua /etc/fstab uhakikishe kila mstari umeandikwa kwa UUID (namba yake ya kipekee) na si kwa jina la diski. Nenda /etc/sysconfig/network-scripts, kwenye ifcfg-eth0 futa mstari wa HWADDR maana kadi ya mtandao ni nyengine, na IP ya zamani iliyoandikwa humo iondoe. Na uliza kampuni mpya mashine zao zinabuti kwa BIOS ya zamani au UEFI, kama diski yako ni ya BIOS na wao wanataka UEFI peke yake haitowaka hata ufanye nini.

Jengine ni kuwa CentOS 7 iliisha tarehe 30 Juni 2024, hakuna tena masahihisho ya usalama. Ikishawaka kule usiipe IP ya nje kabisa. Iweke kwenye mtandao wa ndani wa kampuni mpya, na watu wa hesabu waingie kwa WireGuard (VPN, njia ya siri ya mtandao) iliyofungwa kwenye ile seva mpya ya Ubuntu. Kwao hakuna kilichobadilika na dunia haiioni.

Na barua pepe zitoe humo. Kuweka barua na hesabu pamoja ni kutafuta balaa.

Posta_Maruhubi

Ndugu zangu mmeongea vizuri kuhusu diski na mafaili, mie kwa uzoefu wangu hamahama hizi haziharibiki kwenye diski, zinaharibika kwa vitu vya nje vinavyoijua IP ya zamani na wewe huvijui. Ukhti kaa chini na daftari uandike kila kitu kinachoijua IP yako, kabla hujafungua hata hiyo akaunti mpya.

La kwanza kabisa kwenu nyie ni malipo ya simu. Kampuni za malipo kawaida zinakubali maombi kutoka IP zilizosajiliwa tu, na nyengine zinatuma jibu la malipo kwenye anwani uliyowapa kwa IP na si kwa jina. Kubadilisha kunataka barua, mara nyengine fomu yenye muhuri, mara nyengine mtu wa kusaini yuko safarini. Namjua mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyehama usiku na asubuhi tovuti ikawa nzuri inang'ara, wageni wanabuki, na hakuna hata malipo moja yaliyopita mpaka wiki ya pili yake, kwa sababu upande wa malipo ulikuwa unaikataa IP mpya kimya kimya. Barua hiyo ipeleke leo, omba waongeze IP mpya bila ya kuiondoa ya zamani. Na waulize vilevile watu wa SMS, benki, na kila anaevuta kalenda ya vyumba kutoka kwenu.

DNS sasa. Angalia TTL (sekunde ambazo jibu la DNS linashikiliwa) ya rekodi zenu, zikiwa 86400 maana yake ni masaa 24, mtu aliyeuliza jina lenu leo anaweza akashikilia IP ya zamani mpaka kesho. Ishushe iwe 300, yaani dakika tano, lakini uishushe angalau siku moja au mbili kabla ya kuhama, maana kuishusha saa ya kuhama hakusaidii kitu, walioshika ya zamani wameshaishika. Mambo yakitulia unairudisha juu. Na hakikisha una paswadi ya pale domeni ilipo, si pale seva ilipo, ni vitu viwili tofauti na ofisi nyingi hapa domeni ya .co.tz imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya mtu aliyekwisha kuondoka kazini.

Hata ukishusha TTL watakuwepo watu wataokwenda seva ya zamani siku mbili tatu. Wasipotee: kwenye Nginx ya zamani futa tovuti, weka proksi inayopeleka kila ombi kwenye IP mpya. Mgeni haoni tofauti, na buking haiingii kwenye databesi iliyokufa. Hili watu wanalidharau, halafu wanakaa na databesi mbili kila moja ina nusu ya wageni wa Ijumaa, na kuzikusanya kwa mkono ni adhabu.

Kroni (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) zizime kwenye seva ya zamani kabla ya kuziwasha kwenye mpya. Zikienda zote mbili mgeni anapata SMS mbili, au anakatwa salio mara mbili, inategemea skripti yako inafanya nini. Na tazama saa: seva mpya nyingi zinakuja na UTC, ukiwa ulizoea Africa/Dar_es_Salaam basi kazi ya saa mbili usiku itaenda saa tano usiku. Weka saa za huku kwa amri ya timedatectl mwanzo kabisa.

Cheti cha usalama wa tovuti (HTTPS) cha Let's Encrypt usikiombe upya wakati DNS bado inaangalia zamani, kitakataa. Beba folda nzima ya /etc/letsencrypt kwa rsync -a ili zile simlinki (viungo vya mkato) za live zinazoangalia archive zisivunjike. Halafu jaribu tovuti mpya kabla ya mtu yeyote: kwenye laptopu yako andika IP mpya na jina la tovuti kwenye /etc/hosts, fungua brauza, buki chumba, lipa, futa, chapisha risiti. Dunia bado inaona ya zamani, wewe peke yako unaiona mpya.

Barua pepe: kampuni za klaudi AWS (ya Amazon), Google Cloud, Azure (ya Microsoft) na DigitalOcean wote kwa kawaida wanafunga pouti 25 ya kutoa barua, na wengine wako hivyo hivyo, na IP mpya haina jina zuri wala baya, barua zenu za uthibitisho zitaingia kwenye spamu. Kwa ofisi ndogo ni bora ulipie huduma ya barua ya mtu mwengine, uhamishe maboksi kwa imapsync, halafu urekebishe rekodi za DNS za MX (wapi barua zinapokelewa) na SPF (nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lenu). Ukishikilia kuendesha mwenyewe basi omba PTR (rekodi inayotoa jina la IP) ya IP mpya na ujitayarishe kwa subira.

Na zile pasipoti. Dada hizo ni taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023 na ina vifungu vyake vya kupeleka taarifa nje ya nchi, msomeshe bosi. Lakini hata isingekuwepo sheria, skani ya pasipoti ya mgeni haikai kwenye diski ya nje juu ya meza ya ofisi. Zile za wageni walioondoka zamani jiulizeni kwanza kama mnazihitaji, huenda nusu ya hizo GB 180 ni vitu mlivyotakiwa kuwa mmeshavifuta.

Nungwi_Net

Nijibu la Ulaya au Afrika Kusini kwa sababu limesahauliwa.

Afrika Kusini sasa ipo: Azure walifungua Johannesburg 2019, AWS wakafungua Cape Town 2020, na Google wakafungua Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Lakini karibu kwenye ramani si lazima iwe karibu kwenye waya, pima mwenyewe kwa mtr (programu ya kupima njia ya mtandao) kutoka laini ya ofisi na kutoka laini za hoteli zenyewe, siku tofauti. Halafu bei ya data inayotoka Cape Town kwa AWS ni kubwa kuliko ya Ulaya, na nyie mna picha nyingi. Anaefungua picha hizo nani? Mgeni yuko Ulaya. Kwa hiyo mie ningebaki Ulaya.

Kuna hili pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini SEACOM na EASSy zilikatika na intaneti ya Tanzania nzima ikawa ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Seva yako ikiwa Ulaya, siku kama hiyo mgeni aliye kwao anaendelea kubuki, anaeumia ni resepsheni ya Paje. Dawa yake si kuhamisha seva, ni kuifanya resepsheni iwe na orodha ya wanaofika leo na kesho, ishushwe kila asubuhi kwenye kompyuta yao au ichapishwe. Kazi ya mchana mmoja kwa programa wenu.

Kuhusu gharama ya kutoka, angalia mkataba wa hao mnaowaacha, wengine wanachaji kila GB inayotoka. Google walitangaza Januari 2024 kuwa anaehama moja kwa moja halipi gharama hiyo, AWS na Microsoft wakafuata Machi mwaka huo huo, lakini lazima uombe kabla na ukubaliwe, ukishanakili ndio ukaomba umechelewa.

BintiVikokotoni

Ahsanteni sana sana, Mungu awalipe. Nimeyasoma yote na bosi nimemsomea.

Nimefanya majaribio na databesi kwanza. Seva ya majaribio niliweka MariaDB (databesi ndugu yake MySQL) ya zamani kidogo kwa sababu ndio nilioikuta kwenye imeji yao, nikatoa dump kutoka MySQL 8 nilioifunga pembeni, ikagoma ikasema haiijui utf8mb4_0900_ai_ci. Nimeelewa sasa kuwa hiyo ndio kolesheni (kanuni ya kulinganisha herufi) ya kawaida ya MySQL 8 na MariaDB hiyo haina, kwa hiyo nimeiondoa nimeweka MySQL 8.0 yenyewe na imeingia salama. PHP imetoa makosa kwenye ukurasa wa bei, programa anayashughulikia. Logi pia nimezihesabu, Fundi umesema kweli, saa sita usiku tuna watu wengi kuliko saa tisa ya mchana, na pengo letu liko kuanzia saa kumi alfajiri. Barua ya malipo imeshapelekwa. Pasipoti za miaka ya nyuma bosi amekubali zifutwe, anataka tu meneja wa kila hoteli athibitishe kwa maandishi.

Bosi lakini kaja na jengine, anasema kwa nini tusinunue seva yetu wenyewe tukaiweka ofisini, hakuna kulipa dola kila mwezi. Na suali langu la mwisho: nikishahama nitajuaje kwamba hakuna tena kinachoitegemea seva ya zamani, na niifute lini?

ChakeChake_IT

La ofisini mwambie akumbuke Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme kwa miezi mitatu waya wa baharini ulipoharibika. Ndio, mambo yamebadilika tangu hapo, lakini nyie mnataka jenereta, mafuta, betri, laini mbili za intaneti za kampuni tofauti, kiyoyozi na mtu wa kulala hapo. Kwa seva tatu ndogo hesabu haitoki. Seva ya ofisini nunueni ndogo ya kuweka bakapu, iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, hiyo itawafaa sana.

Fundi_Mlandege

Nimejibu hilo la mwisho kwa mpangilio maana hapa ndipo watu wanapochoka wakaharakisha.

Baada ya kuhama iache ya zamani iko hewani na ile proksi aliyoisema Posta. Kila siku angalia logi ya Nginx yake, kila ombi lililofika pale ni la mtu au mashine ambayo bado inaijua IP ya zamani. Ukiona wageni wa kawaida watapungua wenyewe siku mbili tatu. Kitakachobaki baada ya hapo si mgeni, ni mashine: IP ile ile kila robo saa, au kila siku saa ile ile. Hiyo ifuatilie mpaka umjue mwenyewe, mara nyingi ni printa ya risiti, au programu ya simu iliyoandikiwa IP ndani yake, au kalenda ya ofisi ya tua. Kwa seva ya databesi tumia ss -tnp uone nani amejiunga na pouti 3306 ya MySQL, isiwepo hata moja. Na tcpdump (inaonyesha kila kinachopita kwenye mtandao) kidogo kwa vitu visivyopita kwenye Nginx.

Ikinyamaza, izime, usiifute. Subiri mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna kazi zinazokwenda mara moja tu kwa mwezi, ankara za hoteli na ripoti za kodi, na hizo ndizo zitakazokwambia kama umesahau kitu. Elewa kwamba kampuni nyingi seva iliyozimwa inaendelea kulipiwa madamu diski bado ipo, kwa hiyo mwambie bosi mapema kwamba kuna mwezi mmoja wa kulipa pande mbili, asije akakukatisha njiani.

Kabla ya kufuta chukua dump ya mwisho ya databesi na nakala ya /etc, weka kwenye bakapu yenu ikiwa imefungwa, na ujaribu kuifungua uone inafunguka. Halafu pitia DNS rekodi moja moja, khasa zile ndogo ndogo kama test, zamani, mail, ftp, zinazoangalia IP ya zamani, uzifute zote. Hili fanya KABLA ya kuiachia IP, kwa sababu ukiifuta seva ile IP inarudi sokoni na anapewa mteja mwengine, na kama bado kuna jina lenu linaiangalia basi huyo mtu ana tovuti yake chini ya jina lenu, anaweza hata kuombea cheti halali akaanza kukusanya kadi za wageni wenu. Iondoe na kule kwenye malipo ya simu kwenye orodha ya IP zinazokubaliwa, na kwenye SPF. Baada ya hapo futa seva, futa na snapshoti zake maana hizo zinabaki zikilipiwa na zina pasipoti ndani yake, halafu ndio ufunge akaunti na uitoe kadi.